Farasi Akitolewa Kamba: Matatizo ya Mafunzo Huru na Namna ya Kuyatatua

Kumfunza farasi kufanya kazi huru maana yake ni kumwomba atembee, asimame, ageuke, aende na arudi kwa kufuata mwili na sauti ya mfunzaji peke yake, bila kamba, bila hatamu na bila tandiko. Wanaoijaribu kazi hii hurudi na malalamiko yaleyale: ameniacha, amegoma, amenisukuma, amenigeuzia makalio. Mwongozo huu umeyapanga malalamiko hayo kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayoonekana mara nyingi zaidi imetangulia. Kwa maoni yangu, kamba haimfundishi farasi yote tunayodhani imemfundisha. Mara nyingi inafunika kasoro tu, na siku inapotolewa ndipo kasoro hiyo inapojionyesha. Ndiyo maana tiba nyingi zilizomo humu huanza kwa kuirudisha kamba, na kufanya hivyo si aibu.

Kabla ya kuyalaumu mafunzo

Uchunguzi wa kwanza ni wa mwili wa farasi, kwa sababu mnyama asiyefungwa huondoka pale anapoumia, na mfunzaji huita jambo hilo ukaidi. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi zake huwa kati ya 8 na 16, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Mapigo hupimwa kwa ncha za vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapokatiza ukingo wa mfupa. Hesabu kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Halafu pitisha kiganja mgongoni, kutoka juu ya mabega hadi kiunoni, ukiutazama uso wake badala ya mkono wako. Farasi anayekaza mdomo, anayekunja ngozi iliyo juu ya jicho au anayebonyea mgongo kila ukipita mahali palepale anakuonyesha pa kutafuta. Mwisho inua kila mguu, safisha kwato, na uangalie kama kuna jiwe lililokwama, ufa, au kwato moja iliyo na joto kuliko nyingine.

Uchunguzi wa pili ni wa mahali. Ua wa mviringo wenye kipenyo cha mita 15 hadi 18 unafaa kuanzia, kwa kuwa mdogo zaidi humlazimisha farasi kujikunja mno na mkubwa zaidi humpa nafasi ya kwenda mbali kabla hajapata sababu ya kurudi. Uzio uwe imara, usiwe na waya wa miba wala misumari iliyochomoza, na ardhi isiwe ya kuteleza. Kama ulicho nacho ni uwanja wa pembe nne, ziba pembe zake kwa magogo au vizuizi, kwani farasi aliyeingia pembeni akaona njia imekwisha hugeuka kwa nguvu.

Jambo la tatu hufanywa na wachache. Sawazisha mchanga kwa reki kabla ya kuanza, na ukimaliza zungukia nyayo kabla hujaondoka. Nyayo zinaonyesha duara lilikopondeka, mahali alipokita kwato ili ageuke, na mguu unaochora mstari kwenye mchanga kwa sababu haunyanyuliwi sawasawa.

Dalili: anaondoka mara tu kamba inapotolewa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba kamba imetolewa mapema. Kipimo chake ni rahisi. Mrudishie kamba, iache ilegee hadi ining'inie chini ya kidevu chake, kisha tembea hatua kumi, simama, rudi nyuma hatua mbili, na ugeuke kushoto na kulia. Rudia mzunguko huo mara tatu. Kamba ikikazika hata mara moja, farasi wako alikuwa akiifuata kamba, hakuwa akikufuata wewe. Tiba yake ni kupunguza kamba kwa hatua. Kwanza ilaze juu ya shingo yake bila kuishika. Baada ya siku kadhaa za utulivu, weka badala yake uzi mwembamba wa pamba unaokatika ukivutwa, nao utakuambia ukweli kwa kukatika. Uzi ukibaki mzima kwa vipindi kadhaa mfululizo, utoe. Usimwachie farasi kamba ndefu ikiburuta, kwa kuwa ataikanyaga na kujivuta kichwa. Usijizungushie kamba mkononi hata kwa dakika moja. Na unapotoa kamba, toa na hatamu pia, kwa maana hatamu iliyoachwa kichwani inaweza kunasa kwenye uzio.

Sababu ya pili ni kuchelewa kumwachia. Farasi hujifunza pale msukumo unapokoma, na kile alichokuwa akikifanya katika nukta hiyo ndicho anachokihesabu kuwa jibu. Ukimwomba aje, atageuza kwanza sikio moja, halafu jicho, halafu pua, na mwisho ndipo atahamisha mguu. Mfunzaji anayengoja mpaka mnyama amfikie ndipo alegeze mabega ameshaziacha ishara tatu zipite bila malipo. Omba mtu akurekodi kwa simu, kisha itazame picha ikienda polepole na uhesabu muda kati ya sikio kugeuka na bega lako kushuka. Muda huo ukizidi sekunde moja, acha kumtafutia farasi makosa na ushughulikie bega lako.

Sababu ya tatu ni mvuto wa wenzake, wa lango au wa chakula. Niliwahi kumfunza farasi jike aliyekuwa akiniacha kila siku, na kwa karibu wiki mbili niliamini kwamba ananidharau. Siku niliyoanza kusoma mchanga niliona duara letu limevutwa kuelekea lango kama yai, na kwamba kila alipoondoka, kwato ya nyuma ya kulia ilikuwa imechimba shimo hatua tatu kabla ya lango, mahali ambapo pengo la mbao lilimwonyesha mwenzake malishoni. Hakunidharau, alikuwa akimtafuta mwenzake. Tulimleta yule mwenzake akafungwa nje ya uzio, upande ulio mbali na lango, na huko ndiko tulikopumzikia, ndiko alikokula nyasi zake, na ndiko nilikomfungia kamba kila tulipomaliza. Badiliko lilionekana ndani ya siku chache. Mwenzake alisogezwa mbali kidogo kidogo baadaye, si kwa mkupuo mmoja.

Sababu ya nne ni tumbo. Tumbo la farasi hutoa tindikali muda wote, awe anakula au hali, na mnyama aliyeletwa kazini na tumbo tupu anaweza kuumia mara anapoanza kukimbia, kwa kuwa tindikali hurushwa hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga ya kutosha. Mpe nyasi kavu kidogo kabla ya kazi. Akiendelea kukwepa mwendo, akakereka anapofungwa mkanda wa tandiko, akapungua mwili au akaacha chakula, mwite daktari wa mifugo amchunguze vidonda vya tumbo. Hakuna zoezi litakaloviponya.

Dalili: anakimbia kandokando ya uzio bila kukoma

Hapa sababu ya kwanza karibu kila mara ni mfunzaji mwenyewe. Anasimama nyuma mno ya bega la farasi, kifua kimemwelekea, fimbo imeinuliwa, miguu inamfuata. Kwa lugha ya farasi mambo hayo yote yana maana moja: nenda. Mnyama anatii, na kadiri anavyotii ndivyo anavyozidi kufukuzwa. Simama, shusha fimbo mpaka ncha iguse chini, toa pumzi, geuza kitovu chako mbali naye, na urudi nyuma hatua mbili. Asipopunguza mwendo, tembea taratibu kuelekea mahali atakapofika, mbele ya mstari wa bega lake, bila kumkatia njia kwa ghafla. Mfunzaji aliye nyuma ya mstari huo husukuma, na aliye mbele yake huzuia au hugeuza. Hatua moja inatosha kubadili neno lote.

Sababu ya pili ni hofu ya kweli: mahali pageni, kelele, au kutengwa na kundi. Farasi wa namna hii kichwa kipo juu, mkia umekazwa au umeinuliwa, matundu ya pua yamepanuka, na macho yako nje ya uzio. Usimfunze hapo. Mfungie kamba, tembea naye uani mpaka ashushe shingo, kisha maliza kazi ya siku hiyo.

Wapo wanaofundisha kwamba farasi akimbizwe mpaka arambe midomo na kutafuna, kwa imani kwamba huo ni unyenyekevu. Mimi sikubaliani nao. Kuramba na kutafuna huja pia pale mnyama anapotoka kwenye msongo kuelekea utulivu, kwa hiyo ishara hiyo inaweza kuwa inakuambia tu kwamba dakika iliyotangulia ilikuwa mbaya. Aidha, mduara wa kasi huelemea viungo vya miguu, hasa kwa farasi wachanga ambao mifupa yao haijakomaa. Kwao dakika chache za mwendo wa kutembea zinatosha.

Acha kazi na umwite daktari wa mifugo ikiwa mapigo ya moyo yanabaki juu ya 60 kwa dakika baada ya nusu saa ya kupumzika, ikiwa jasho halikomi, au ikiwa farasi anachapa ardhi kwa kwato, anautazama ubavu wake na kutaka kulala agaegae. Dalili hizo za mwisho ni za msokoto wa tumbo, na msokoto huweza kuua kwa saa chache. Ondoa chakula mbele yake wakati unamsubiri daktari.

Dalili: anasimama tuli na hataki kwenda

Mara nyingi farasi huyu amezoezwa kutosikia. Ameombwa kwa fimbo inayotikiswa mfululizo bila kukoma, ikawa kwake kama kelele za upepo. Omba mara moja kwa ishara ndogo, ongeza taratibu, na akihamisha uzito hata kwa mguu mmoja, acha kila kitu na umwache atulie. Nusu hatua iliyolipwa leo inazaa hatua nzima kesho.

Huenda pia amejifunza kwamba chakula kipo karibu nawe tu, na basi hana sababu ya kusogea. Mlipie kule mbali: tupa kipande cha karoti kwenye ndoo iliyo ukingoni, au mwendee umpe huko aliko.

Sababu isiyo ya kawaida sana, lakini iliyo nzito, ni farasi aliyekata tamaa. Jicho lake halifuati kitu, masikio yameelekea pembeni, na hagutuki hata anapoguswa kwa ghafla. Watu humsifu kwa upole. Kwa kweli amejifunza kwamba lolote alifanyalo halibadilishi linalompata, na mfunzaji asiye na uzoefu atamzidishia. Huyu anahitaji malisho, wenzake, muda, na mtu mwenye ujuzi wa tabia za farasi.

Na kama anasimama huku miguu ya mbele ameitanguliza na uzito ameuegemeza nyuma, usimsogeze hata hatua moja. Shika kwato zake: joto lisilo la kawaida pamoja na mapigo yanayogonga kwa nguvu nyuma ya kifundo ni dalili za uvimbe wa ndani ya kwato, na hapo daktari anahitajika siku hiyohiyo.

Dalili: anakuja karibu mno, anasukuma, anatafuna mfuko

Chanzo ni chakula kilichotolewa mahali pasipofaa. Kila punje iliyotoka mfukoni ikaliwa karibu na tumbo lako imemfundisha kwamba karibu na tumbo lako ndiko kuna malipo. Nyoosha mkono kabisa na umpe chakula pale unapotaka pua yake iwe, yaani mbele ya kifua chake mwenyewe, shingo ikiwa imenyooka. Akigeuza uso mbali na mfuko, hata kwa bahati mbaya, mlipe papo hapo. Kwa siku za kwanza fanya zoezi hilo ukiwa nje ya uzio na yeye akiwa ndani, ili usilazimike kumsukuma mnyama wa kilo 500 kwa viwiko.

Sababu nyingine ni mfunzaji anayerudi nyuma kila farasi anapomkaribia. Kurudi nyuma kunamwita. Simama imara, tikisa fimbo chini mbele ya kwato zake, na akisimama umbali wa mkono na fimbo, legeza mwili.

Dalili: anageuza makalio, analaza masikio, anauma au anapiga teke

Sehemu hii isomwe na kila mtu, hata yule ambaye farasi wake ni mtulivu.

Farasi anayegeuza makalio polepole huku akitembea huenda hajui tu aelekee wapi. Farasi anayeyageuza huku amelaza masikio kabisa, mkia ukipiga na mguu mmoja wa nyuma umenyanyuka, anakuonya. Usiende nyuma yake wala usimpige. Ondoka kwa upande, ukiwa unamtazama, hadi langoni. Ukiwa ndani ya ua na farasi asiye na kamba, vaa kofia ngumu na viatu imara, fahamu lango liko wapi, na mtu mwingine awe nje ya uzio muda wote.

Sababu zinazoonekana zaidi ni tatu. Ya kwanza ni msukumo uliozidi, ambapo farasi amezuiwa pande zote na kupigana ndiyo njia pekee iliyobaki. Ya pili ni maumivu, hasa ya mgongo, meno au tumbo. Tabia iliyobadilika ghafla ipelekwe kwa daktari kabla ya kwa mfunzaji. Ya tatu ni joto la uzazi. Farasi jike huingia joto kila baada ya siku 21 au karibu na hapo, na hubaki humo siku tano hadi saba. Andika tarehe za vurugu kwenye kalenda kwa miezi miwili, na zikirudi kwa mpango huo, jadiliana na daktari.

Farasi dume asiyehasiwa si wa kujifunzia kazi hii. Farasi yeyote aliyekwisha kumkimbilia mtu kwa mdomo wazi au kwa miguu ya mbele asifunzwe tena huru na mtu asiye na uzoefu wa miaka mingi, hata kama siku iliyofuata ameonekana mpole.

Dalili: upande mmoja anafanya vizuri, wa pili anaharibu

Farasi wengi wana upande wanaoupenda, na wafunzaji nao wana wao. Kwanza badilisha mkono unaoshikia fimbo na urekodiwe ukifanya zoezi lilelile pande zote mbili. Mara nyingi utaona bega lako moja limeinama na miguu yako inatangulia. Pili anza kila kipindi kwa upande mgumu, kwa muda mfupi.

Kama bado tofauti ipo, chunguza jicho. Farasi huona karibu duara zima, takriban nyuzi 350, na sehemu asizoziona ni ndogo tu mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Anayeshtuka kila unapojitokeza upande mmoja, au mwenye jicho linalotoa machozi, linalofumbwa kwa mwanga au lenye ukungu, asingoje kesho, kwa maana uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia ni chanzo kikuu cha upofu kwa farasi. Tofauti inayojitokeza akikimbia tu, pamoja na kichwa kinachoruka juu kila mguu mmoja unapokanyaga, ni kuchechemea.

Dalili: anajibu kabla hujaomba, au anafanya jambo jingine

Hapa farasi yuko sahihi na mfunzaji hajijui. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alishindwa pale muulizaji alipokuwa hajui jibu au pale farasi alipokuwa hamwoni. Alichokuwa akikisoma ni mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili, ambayo waulizaji wenyewe hawakujua kwamba wanayafanya. Farasi wako anakusoma hivyohivyo. Akigeuka kabla ya ishara, tafuta kwenye picha ulichofanya sekunde moja kabla yake: pumzi uliyovuta, kidole gumba kilichosogea juu ya fimbo, jicho lililotangulia kwenda. Kisha chagua, ama ukiache kitendo hicho, ama ukifanye kuwa ishara rasmi.

Dalili: uani anaweza, kwingine hawezi

Hili si tatizo la utii. Farasi hujifunza jambo pamoja na mahali, na ua umekuwa sehemu ya somo. Fundisha upya kwa kamba katika mahali papya, kuanzia zoezi rahisi kuliko yote, kwa dakika 10 au 15 tu. Ongeza ukubwa wa eneo kabla ya kuongeza ugumu wa kazi, na usitoe kamba kwenye eneo lisilo na uzio wa kuaminika, hasa lililo karibu na barabara. Kabla ya kufungua kamba kwa mara ya kwanza, kagua uzio wote kwa miguu na ulifunge lango kwa komeo, si kwa kulirudishia tu.